Konokono wa Dola 7,000

Saa 1 na nusu asubuhi, Houston, Texas. Nipo Katy Freeway, barabara ambayo ukihesabu na zile njia za pembeni kuna mahali inafika njia 26, na leo zote 26 zimeganda. Kushoto kwangu mama mmoja anapaka wanja. Kulia kijana anakula mayai kwa uma, kwa uma kabisa, kama yuko mezani kwao. Katikati nipo mimi, ndani ya Mustang GT ya 2015 yenye supachaja, naenda mwendo wa msindikiza jeneza.

Gari hili lilitoka kiwandani na nguvu za farasi 435. Mtu mwenye akili zake angesema zinatosha. Mimi nina shemeji.

Shemeji yangu huyu, kaka yake Mama Nasra, hajawahi kumiliki hata pikipiki, lakini ameangalia video zote. Mguse tu, atakueleza tofauti ya turbo na supachaja mpaka chai ipoe. Turbo inazungushwa na moshi wa injini, ndiyo ile ya Subaru za vijana wa Dar zinazopiga mluzi usiku watu wamelala. Supachaja inazungushwa na mkanda unaotoka kwenye injini yenyewe. Na supachaja nazo zina koo zake. Kuna zinazokaa katikati ya injini, ukigusa mafuta tu zinakusukuma. Na kuna hii yangu, ya sentrifugali: feni ndani ya nyumba ya mviringo, hewa inaingia katikati, inatupwa pembeni, inabanwa, inapelekwa kwenye injini. Itazame kwa mbele uniambie si konokono.

Mama Nasra aliiona inatoka kwenye boksi, akaizunguka mara moja, akasoma risiti.

"Konokono," akasema. "Kwa dola 7,000."

Tangu siku hiyo nyumbani kwetu haina jina jingine. Nasra akichora gari la baba shuleni, anachora na pembe mbili.

Habari zikafika Tanga. Sijui zilisafiri kwa njia gani, ila namshuku mtu mmoja aliyezaliwa tumbo moja na mke wangu. Mama akapiga simu.

"Mwanangu, nasikia umenunua mashine. Inafanya kazi gani?"

"Inasukuma hewa, mama."

"Hewa?"

"Ndiyo, mama. Inaingiza hewa nyingi kwenye injini."

Kimya. Nikasikia kuku wanapita nyuma yake.

"Sisi huku kusi inavuma bure, na juzi imeezua bati mbili za jikoni. Ungesema tukuwekee kwenye chupa."

Bati nimetuma. Nimetuma nane, ingawa zilizoezuliwa ni mbili.

Kitabu kilichokuja na mashine kilisema kuifunga ni kazi ya saa 10 kwa vifaa vya kawaida vya nyumbani. Sisi tulikaa wikiendi tatu. Nadhani zile saa 10 ni za mtu anayefunga peke yake. Kwanza unavua bampa lote la mbele, kwa sababu hewa ikibanwa inapata moto, hewa ya moto ni nyepesi, na hewa nyepesi haina faida, kwa hiyo lazima ipozwe kwenye rejeta yake ndogo inayokaa mbele. Mafundi wanaiita intakula. Na kweli, imekula. Imekula nafasi, imekula pesa, na imeiziba rejeta ya kwanza, kiasi kwamba mwezi wa nane, joto la Houston likiwa nyuzi 38, kila nikisimama kwenye taa mshale wa joto unaanza kunitazama vibaya.

Vishikizo vya plastiki vya bampa vilivunjika 11. Shemeji aliliweka mguu akasema, "Njoo," nalo likaja na vishikizo vyake. Sasa tumelifunga kwa kamba za plastiki, na nikifika maili 60 kwa saa linapiga makofi. Naendesha gari linalojishangilia lenyewe.

Ukishafunga konokono hujamaliza. Hewa ikiongezeka na petroli iongezeke, kwa hiyo nozeli mpya, pampu mpya. Halafu plagi, zile wanazoziita za baridi, na mwanya wake unaupunguza uwe kama milimita 0.7, kwa sababu ndani ya hewa iliyobanwa vile cheche inazimika kama kibatari kwenye upepo. Mama Nasra akauliza kama plagi za baridi zinawekwa kwenye friji. Shemeji akasema hapana, huku akinitazama mimi nithibitishe.

Na bado kompyuta ya gari haijui kilichotokea. Inadhani inapumua kama zamani. Ukiiwasha hivyo na kukanyaga mafuta, petroli inalipuka kabla ya wakati wake, pistoni zinagongwa, na una chuma chakavu. Kwa hiyo unahitaji mtu wa kuiandikia kompyuta hesabu mpya. Huyo mtu anakaa jimbo jingine na sijawahi kumwona uso. Unamlipa kwanza. Anakutumia faili, unaliingiza kwenye gari, unaendesha, unarekodi, unamrudishia. Anajibu usiku: rudia, gia ya tatu, mpaka injini ifike mizunguko 6,500 kwa dakika. Unarudia. Anajibu: bado, nipunguzie kidogo hapa, tuma tena. Mimi ni mtoto wa Tanga, waganga wa mbali nawajua. Nilikuwa nasubiri tu aniombe unywele na jogoo mweusi.

Tena gia ya tatu kwa mizunguko 6,500 ni zaidi ya maili 80 kwa saa. Wapi? Na nani? Na polisi huyu ni mjomba wangu? Ikabidi nikodi daino, lile roli linalozungushwa na magurudumu huku gari limefungwa minyororo kama mbuzi wa sikukuu. Pale ndipo nilipoona namba kwa macho yangu: zaidi ya farasi 550 kwenye magurudumu ya nyuma. Shemeji alilia. Mimi nililipa.

Sasa nifike kwenye kidonda chenyewe, maana haya mengine ni mikwaruzo.

Geji yangu ya mgandamizo wa hewa inasoma mpaka PSI 8, kipimo kile kile cha kujazia matairi. Tairi la baiskeli ya Nasra linabeba 40. Lakini hata hizo 8 hawakupi ovyo. Konokono huyu nguvu yake haipandi sawa na mizunguko, inapanda kwa mraba wake. Ukiwa 6,500 unapata 8 zako. Ukishuka nusu, 3,250, hupati 4, unapata kama 2. Ukiwa 2,000 unapata chini ya 1, yaani pumzi ya mtu anayepoza uji.

Na mimi maisha yangu yote yapo kwenye 2,000! Barabara ikiwa wazi, gia ya sita, maili 70 kwa saa: 2,000. Foleni: 1,200. Kwenye taa nyekundu: 700. Kazini sifiki kwa gari, nafika kwa uvumilivu. Nimenunua nguvu iliyo ghorofa ya saba, na mimi nafanya kazi chini, na lifti wanaiwasha ukishafika juu.

Nikapiga hesabu, nikiwa hapahapa kwenye foleni, muda ninao. Gia ya pili, mizunguko 6,500, ni kama maili 60 kwa saa. Mtaani kwetu kibao kinasema 30. Kwa hiyo mahali pekee ninapoweza kuzipata PSI zangu zote 8 kwa halali ni kwenye kipande cha barabara kinachopanda kuingia freeway. Hapo nina sekunde mbili. Kila asubuhi kwenye kipande hicho mbele yangu kuna lori la nyasi, lile la watu wa bustani, na mashine yao ya kukatia inanitazama.

Shemeji ananituliza kwa historia. Anasema ndege za Spitfire zilizopigana na Wajerumani zilikuwa na injini ya Rolls-Royce Merlin yenye supachaja ya aina hii hii. Anasema Studebaker Golden Hawk ya 1957 ilitoka kiwandani na konokono wake, farasi 275. Sawa. Lakini rubani wa Spitfire hakuwa na lori la nyasi mbele yake. Na hewa ya kule juu ni haba, alikuwa anaihitaji hiyo mashine. Mimi naishi mji ambao ukinyoosha mkono unakutana na bahari. Houston hewa ipo, tena ya maji.

Kelele za konokono ndizo zinazofanya kazi muda wote. Feni ile ndani inaweza kupita mizunguko 50,000 kwa dakika, kwa hiyo ina gia zake za kuizidishia mwendo, na gari likiwa limesimama gia hizo zinalia kama sarafu kwenye kopo la maziwa ya unga. Jumapili nje ya duka la Waafrika, pale tunaponunua unga wa sembe na dagaa, mzee mmoja wa Kimombasa aligonga kioo changu kwa adabu.

"Baba, injini yako yafa."

"Haifi, mzee wangu. Ndiyo sauti yake."

"Ah." Akatazama boneti. "Basi amezaliwa mgonjwa. Pole sana."

Nikiondoka kwa hasira na kuachia mafuta, valvu ya kutolea hewa ya ziada inafanya pshiii, kama mtu anayenisonya kutoka kwenye gari langu mwenyewe.

Na ana oili yake! Injini ina oili, yeye anasema hapana, anataka chupa yake maalumu, kiasi cha vikombe vitatu vya kahawa ya kibarazani. Umwagie mpya baada ya maili 500 za kwanza, halafu tena, halafu tena. Ni kama mgeni anayekuja kwako na mto wake na bado anataka kitanda chako. Petroli nayo lazima iwe oktani 93, ya bei ya juu. Kila nikijaza, yule wa pampu ya jirani anajaza 87 na kunitazama kwa huruma, naye anaendesha Corolla, na kazini anafika dakika moja na mimi.

Moshi je? Texas walifuta ukaguzi wa usalama wa magari binafsi Januari 2025, nikashangilia, kumbe hapa kaunti ya Harris, yenye Houston, kipimo cha moshi kipo palepale. Wiki ya kupima nilikuwa naitazama taa ya injini kwenye dashibodi kama bibi harusi anavyotazama mlango. Haikuwaka. Nililala usingizi.

Basi Jumapili iliyopita nikaamka saa 11 na nusu alfajiri. Sikupanga dhambi. Mama Nasra alisema maziwa yameisha, nikasema naenda. Akanitazama.

"Duka liko mtaa wa pili."

"Lile la mbali wana mazuri."

Nikafika kwenye kipande changu. Hakuna lori. Hakuna nyasi. Taa za freeway bado zinawaka, barabara nyeupe mpaka mwisho. Gia ya kwanza, taratibu, oili ipate moto. Gia ya pili. Nikakanyaga.

Jamani. Mizunguko 3,000, kawaida. 4,000, kuna kitu kinakuja. 5,000, konokono akaamka, akaanza kulia kama ndege inayotafuta njia, kiti kikanishika mgongoni, bampa likapiga makofi, geji ikasoma 6, 7, nikasikia mtu anapiga kelele ndani ya gari, na ndani ya gari nilikuwa peke yangu.

Kisha pa!

Mkanda. Ule mkanda wenyewe ulikuwa unateleza tangu wiki ile, nimeona unga mweusi umetapakaa chini ya boneti, nikamwuliza shemeji, akasema ni vumbi la Texas. Na kwangu mimi mkanda ni mmoja: unazungusha konokono, unazungusha altaneta, unazungusha pampu ya maji. Ukikatika, wote wanalala njaa. Taa ya betri ikawaka, mshale wa joto ukaanza safari, nikasogea pembeni, nikazima.

Kimya kizuri sana, cha kwanza tangu tufunge mashine ile.

Gari la kuvuta likaja baada ya saa nzima. Dereva akafungua boneti, akaitazama mashine, akatazama vipande vya mkanda, akaniambia, "Hii ni ya kukufanya uende haraka?" Nikasema ndiyo. Akanipandisha. Tukaenda kugeuzia mbele, tukarudi kwa kipande kile kile, na bado hakukuwa na mtu. Akalikanyaga lori lake mpaka mwisho, Mustang ikiwa mgongoni, bampa linashangilia.

Mama Nasra alikuwa mlangoni. Alitazama lori linaloshusha gari, akanitazama mimi na mikono yangu yenye masizi, akamtazama kaka yake aliyekuwa anajificha nyuma ya pazia.

"Baba Nasra," akasema, "maziwa yako wapi?"