Picha Iliyopigwa na Muuaji: Ionyeshwe au Ifungiwe?

Sehemu kubwa ya picha tunazozijua za Wayahudi wakiteswa na kuuawa katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia zilipigwa na watesi wenyewe au watu wa upande wao. Baadhi walikuwa wapigapicha wa vikosi vya propaganda vya jeshi la Ujerumani. Wengine wengi walikuwa askari wa kawaida, kila mmoja na kamera yake ndogo na albamu ya kupeleka nyumbani. Mateka wa Kisovieti nao, ambao kati ya milioni 5.7 waliokamatwa wapatao milioni 3.3 walikufa kwa njaa, baridi, maradhi na risasi, tunawaona hivyo hivyo: kwa jicho la mtu aliyesimama upande wa pili wa seng'enge.

Mabishano yanaanzia hapo. Wapo wanaosema picha hizi lazima zionekane, kwa kuwa zinawaziba midomo wanaokanusha mauaji. Wapo wanaosema kila zinapotundikwa ukutani, muuaji anapata nafasi ya pili ya kuwadhalilisha watu aliokwisha kuwaua. Pande zote mbili zina hoja nzito. Sisi tunaona zionyeshwe, lakini kwa masharti ambayo magazeti na kurasa nyingi za mtandaoni hazijawahi kuyatimiza.

Hoja ya kuonyesha ilijaribiwa Ujerumani kwenyewe. Mwaka 1995 Taasisi ya Utafiti wa Kijamii ya Hamburg ilifungua maonyesho kuhusu uhalifu wa Wehrmacht, yaani jeshi la kawaida, katika mashariki na kusini-mashariki mwa Ulaya. Kwa miaka 50 Wajerumani wengi walikuwa wakiamini kwamba mauaji yalikuwa kazi ya SS, kikosi cha Chama cha Nazi, peke yake na kwamba askari wa kuandikishwa alirudi nyumbani na mikono safi. Hati zilizopinga imani hiyo zilikuwepo siku zote, lakini hazikuwa na nguvu ya picha zilizotoka mifukoni mwa askari hao. Maonyesho yalizunguka miji 33 ya Ujerumani na Austria na kutazamwa na watu wapatao 800,000. Yaliamsha maandamano, mijadala bungeni na ugomvi ndani ya familia. Kisha mwaka 1999 mwanahistoria kutoka Poland, Bogdan Musiał, akaonyesha kwamba baadhi ya picha zilipewa maelezo ya uongo: maiti zinazoonekana si za watu waliouawa na Wajerumani, bali na polisi wa siri wa Kisovieti, NKVD.

Maonyesho yalisimamishwa Novemba mwaka huo na tume ya wanahistoria ikaundwa. Iliporipoti mwaka uliofuata, ilisema kati ya picha 1,433 zisizohusika kabisa hazifiki 20, na kwamba hakukuwa na nia ya kughushi. Ilikemea hata hivyo uzembe katika kuzitumia picha, na kauli za jumla zilizopita kiasi. Yaani kosa la chini ya asilimia 2 lilitosha kuyafunga maonyesho yote, na waliokuwa wakisubiri kusema "mmeona, ni uongo mtupu" wakapata walichokitaka.

Inafaa kueleza kosa lenyewe lilivyotokea, maana linaweza kumpata yeyote. Ujerumani ilipouvamia Muungano wa Kisovieti tarehe 22 Juni 1941, NKVD iliwaua maelfu ya wafungwa katika magereza ya magharibi mwa Ukraine kabla ya kukimbia. Siku chache baadaye Wajerumani waliingia miji kama Tarnopol na Złoczów, wakafungua magereza na mashimo, wakawalazimisha Wayahudi kuzifukua na kuzibeba maiti hizo. Wayahudi hao hao wakapigwa na kuuawa, mara nyingi palepale. Kwa hiyo ua mmoja, ndani ya siku moja au mbili, ulikuwa na wahanga wa wauaji wawili tofauti, na askari mwenye kamera alipiga vyote.

Mtu anayejua kusoma picha huangalia hali ya mwili. Katika joto la Julai maiti huvimba na kubadilika rangi kwa siku chache. Ikiwa picha ilipigwa mara tu Wajerumani walipofika, na maiti zimekwisha kuharibika huku watazamaji wameziba pua kwa vitambaa, waliolala pale hawakuuawa asubuhi ile. Musiał alikuwa sahihi. Lakini anayeishia hapo amesahihisha kosa moja na kuzua jingine, kwa sababu walio hai ndani ya fremu ile ile, wale waliokuwa wakibeba maiti, walikuwa Wayahudi waliokuwa wakingoja zamu yao. Maelezo ya haki ya picha kama hiyo yanahitaji sentensi nne au tano, na hapo ndipo gazeti linaposhindwa.

Maonyesho mapya yalifunguliwa mwaka 2001 na kuendelea hadi 2004, yakiwa na picha chache na maandishi mengi. Wapo waliolalamika kwamba yamepoa na hayashtui tena. Ni kweli, na tunaona hasara hiyo ilistahili kulipwa.

Kuisoma picha kwa usahihi kunaanzia nyuma yake. Muhuri wa duka lililoisafisha, namba ya kazi, maandishi ya penseli na alama za gundi zinazoonyesha ilitoka ukurasa gani wa albamu mara nyingi husema mengi kuliko sura ya mbele. Kisha sare: beji ya ndege tai ya jeshi la nchi kavu hukaa kifuani upande wa kulia wa mvaaji, ilhali ya SS hukaa kwenye mkono wa kushoto. Ukimwona askari wa nchi kavu mwenye tai kifuani kushoto, shuku kwanza kwamba negativu iligeuzwa wakati wa kusafisha, na kila kitu unachokiita kulia ni kushoto. Kisha alama walizolazimishwa kuvaa Wayahudi. Kitambaa cheupe cha mkononi chenye nyota ya buluu kiliamriwa katika maeneo ya Poland yaliyotawaliwa kutoka Kraków kuanzia Desemba 1939. Nyota ya njano nchini Ujerumani ilianza tarehe 19 Septemba 1941. Picha ya mtaa wa Berlin yenye nyota hiyo haiwezi kuwa ya 1938, hata ikirudiwa mtandaoni mara elfu.

Mwisho ni mfuatano, na huu ndio unaopotea kirahisi kuliko vyote. Johannes Hähle, mpigapicha wa kikosi cha propaganda, alipiga picha za rangi katika bonde la Babi Yar, Kyiv, siku chache baada ya Wayahudi 33,771 kuuawa hapo tarehe 29 na 30 Septemba 1941. Fremu moja inaonyesha nguo zilizotapakaa, nyingine mguu wa bandia, nyingine wanaume wengi wenye sepeto. Wanaume hao ni mateka wa Kisovieti waliolazimishwa kuwafukia waliouawa. Ukiitoa fremu yao peke yake utadhani ni vibarua wanaosawazisha ardhi.

Upande wa ushahidi, picha zimefanya kazi ambayo hakuna kitu kingine kingeifanya. Ripoti ya Jürgen Stroop, jenerali wa SS, kuhusu kuteketezwa kwa geto la Warsaw (mtaa walimofungiwa Wayahudi) mwaka 1943 iliandaliwa ili kumfurahisha Himmler, mkuu wa SS. Ilipofika mahakama ya Nuremberg ikawa ushahidi wa mashtaka. Josef Blösche, mwanajeshi wa SS anayeonekana katika picha moja ya ripoti hiyo ameshika bunduki nyuma ya mtoto aliyeinua mikono, alihukumiwa kifo Ujerumani Mashariki na kuuawa kwa risasi mwaka 1969.

Na utafiti haujafika mwisho. Picha ya mtu aliyepiga magoti ukingoni mwa shimo, bastola nyuma ya kichwa chake, ilijulikana duniani mwaka 1961 wakati wa kesi ya Adolf Eichmann, mmoja wa waandaaji wa mauaji ya Wayahudi, na kwa miongo mingi ikaitwa picha ya "Myahudi wa mwisho wa Vinnytsia". Mwanahistoria Jürgen Matthäus amethibitisha kwamba si Vinnytsia. Nakala nyingine ilikuwa pamoja na shajara ya afisa wa Wehrmacht kutoka Austria, Walter Materna, na nyuma yake ameandika mahali na tarehe: ngome ya Berdychiv, 28 Julai 1941. Mwaka 2025, kwa msaada wa akili mnemba iliyolinganisha picha za familia, Matthäus alimtaja mpigaji risasi kuwa Jakobus Onnen, aliyewahi kuwa mwalimu. Mtu aliyepiga magoti bado hana jina. Hilo ndilo linalotuuma zaidi: aliyeua amepatikana kabla ya aliyeuawa.

Kosa la aina hiyo linawagusa mateka pia. Ipo picha ya Himmler akimkodolea macho mfungwa kupitia seng'enge. Imechapishwa mara nyingi ikidaiwa kwamba mfungwa huyo ni Mwingereza. Ilipigwa Minsk mwaka 1941, na kofia ya mfungwa ni ya Jeshi Jekundu. Mateka wa Kisovieti, ambaye kundi lake lilikufa kwa mamilioni, amenyang'anywa hata nafasi yake ndani ya picha.

Sasa hoja ya heshima, ambayo wanaotetea kuonyesha huipita haraka mno. Huko Šķēde, pwani karibu na Liepāja, Latvia, Wayahudi zaidi ya 2,700, wengi wao wanawake na watoto, waliuawa kati ya tarehe 15 na 17 Desemba 1941. Picha zinawaonyesha wanawake na wasichana wakivuliwa nguo kwenye baridi. Aliyezipiga alitaka wabaki hivyo milele. Lakini tunazo kwa sababu David Zivcon, fundi umeme Myahudi, alizikuta alipokuwa akifanya kazi katika nyumba ya mmoja wa maofisa wa usalama wa Kijerumani. Alitoa filamu hiyo kwa siri, akatengeneza nakala, akairudisha kabla haijajulikana, kisha akazika nakala ndani ya sanduku la chuma. Alihatarisha maisha yake ili zionekane. Hata hivyo kuonekana mahakamani si sawa na kuwa pambo la jalada la kitabu. Baadhi ya wanawake hao wametambuliwa kwa majina. Pale tunapomjua mtu, tuanze na picha yake ya kabla ya vita akiwa amevaa nguo zake, na ile ya pwani ibaki kwa anayeifuata kwa makusudi.

Claude Lanzmann, mtengeneza filamu Mfaransa, alikwenda mbali zaidi na hakutumia picha za kumbukumbu za mauaji katika filamu yake kuhusu Maangamizi ya Wayahudi. Tunauheshimu uamuzi wake, lakini hauwatendei haki wafungwa wa Sonderkommando, kikosi cha Wayahudi waliolazimishwa kuchoma maiti katika kambi ya Birkenau. Agosti 1944 walipiga picha nne karibu na tanuri la tano, na filamu ikatoroshwa ndani ya mrija wa dawa ya meno. Baadaye wachapishaji walikata kingo nyeusi za mlango na kuwasogeza wahanga karibu, ili picha "isomeke". Giza lile ndilo lililoonyesha mpigapicha alikuwa amejificha wapi. Mpigapicha Myahudi Henryk Ross naye alizika maelfu ya negativu katika geto la Łódź. Picha za namna hii zinastahili kukaa mbele, na za wauaji ziwe kando yake.

Limebaki suala la biashara. Albamu za askari wa Ujerumani huuzwa kwenye minada ya mtandaoni, na wauzaji huzichana kwa sababu picha moja moja zinalipa zaidi. Ni rahisi kutaka biashara hiyo ipigwe marufuku. Lakini ni kwa njia hiyo hiyo kwamba mkusanyaji mmoja wa Ufaransa alipata albamu yenye picha nane za Chasselay, karibu na Lyon, zilizotangazwa mwaka 2020. Tarehe 20 Juni 1940 mateka wa kikosi cha tirailleurs sénégalais, Waafrika wa jeshi la Ufaransa, walitengwa na wazungu na wapatao 50 wakapigwa risasi. Makaburi yao yalijulikana tangu zamani, picha za mauaji hazikujulikana. Kwa kuwa fremu zilibaki pamoja kwenye albamu, watafiti waliweza kufuata tukio hatua kwa hatua, kuanzia mateka wakiwa wamepangwa uwanjani hadi magari ya deraya yalipowafyatulia risasi.

Kwa hiyo anayeikuta albamu kama hiyo asibandue kitu. Apige au askani kwanza kila ukurasa mzima, kisha kila picha mbele na nyuma, azipe namba kwa mpangilio zilivyokaa, na asiandike chochote kwa kalamu ya wino. Nakala aipeleke kwenye makavazi kabla hajaamua kuuza.