Rangi kung'aa kwa spiriti na kugoma kwa maji: ni upolari tu?

Chukua manjano ya kupikia, koroga kidogo kwa spiriti ya chemisti, kidogo kwa mafuta ya kupika, kidogo kwa maji, zima stima umulike na kale katochi ka kuangalia noti feki. Spiriti na mafuta yanawaka kijani-njano poa kabisa, maji yanabaki hafifu sana. Sasa hapo ndio ubishi unaanza.

Jibu la mwanafunzi wa kemia pale Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ni upolari, yaani molekuli kuwa na upande mmoja wenye chaji hasi kidogo na mwingine chanya kidogo. Molekuli ikipigwa na mwanga elektroni zinasukumwa upande mmoja, molekuli za kiyeyushi (kile kimiminika kinachoyeyusha rangi) kama ni za polari zinageuka kuituliza, nishati inashuka kabla mwanga haujatoka, basi mwanga unasogea kwa wekundu. Wanakemia Lippert na Mataga walishaipigia hesabu miaka ya 1950, na rangi ya Nile Red inawaunga mkono vizuri tu: kwa heksani, ambayo si polari, inang'aa njano, kwa ethanoli (ile pombe ya spiriti), ambayo ni polari, inang'aa nyekundu.

Lakini hiyo hesabu inachukulia kiyeyushi kama uji mmoja usio na molekuli, na hapo mimi nashtuka. Asetoni ina daielektriki (kipimo cha upolari wa kiyeyushi kizima ambacho hesabu hiyo hutumia) ya karibu 21, ethanoli karibu 24, yaani ni majirani, lakini kwa skeli ya Reichardt, inayopima upolari kwa kuangalia rangi moja inavyobadilika ndani ya kiyeyushi (hiyo hupima mwanga unaomezwa, si unaotoka, sawa), asetoni ni 42 na ethanoli 52. Tofauti kubwa hivyo inatoka wapi? Ethanoli ina haidrojeni ya kushikana na rangi, asetoni haina ya kutoa.

Ukija kwa ukali wa mwanga ndio upolari unaishiwa pumzi zaidi. GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda, kwa maji haing'ai karibu kabisa, kwa gliserini inang'aa, na gliserini pia ni polari! Siri ni uzito wa kutiririka, si wa kilo: gliserini ni nzito kuliko maji zaidi ya mara 1,000 kwa kutiririka, kwa hivyo mikono ya molekuli haipati nafasi ya kuzunguka na kupoteza nishati kama joto.

Kwa hivyo kwa rangi ya mwanga nawapa watu wa upolari pointi nyingi, kwa ukali hapana. Na manjano yetu kwa maji hata haiyeyuki vizuri, kwa hivyo kuitumia kama ushahidi wa upolari ni kuionea tu.