Rimoti moja kwa TV na boksi: inarahisisha au inaongeza kazi?

Kwenye sebule nyingi za Dar es Salaam meza imebeba rimoti tatu: ya TV, ya king'amuzi na ya boksi la kutazamia YouTube na filamu za mtandaoni. Rimoti ya pamoja kutoka Kariakoo inaahidi kumaliza hiyo vurugu. Ahadi si ya uongo, ila inategemea boksi lako linasikiliza nini.

Rimoti za aina hii hurusha miale ya infraredi, mwanga usioonekana, unaopepesa kama mara 38,000 kwa sekunde. TV karibu zote zina jicho la kuupokea, na ving'amuzi pia. Kwenye boksi mambo hugawanyika. Yale ya Android ya bei rahisi mengi yana jicho hilo, lakini Fire TV Stick na Chromecast yenye Google TV hutumia Bluetooth, kwa hiyo hata ukiingiza kwenye rimoti namba za chapa mia moja hazitashtuka. Pima kabla ya kutoa pesa: geukia ukuta, funika kichwa cha rimoti ya boksi kwa kiganja, kisha bonyeza. Boksi likitii, hiyo si infraredi.

Likikataa, una nafasi nzuri. Weka betri mpya mbili za AAA, washa TV, shikilia kitufe cha SET mpaka taa ibaki inawaka, kisha ingiza namba ya chapa iliyo kwenye karatasi yake au uiache itafute yenyewe. TV ikizima, simamisha utafutaji papo hapo. Wengi hukosea hapa kwa kuridhika: kitufe cha kuzimia kinafanya kazi, sauti haipandi. Namba hiyo si yako, endelea kutafuta. Kwa boksi lisilo na jina, ambalo halimo kwenye karatasi, chagua rimoti inayojifunza. Unaielekeza uso kwa uso na rimoti ya asili ya boksi, sentimita tatu hivi, na kuifundisha kitufe kimoja kimoja. Inachosha, tena baadhi yake husahau kila kitu ukitoa betri.

Kuna kero ambayo muuzaji haitaji. Vifaa vingi huwashwa na kuzimwa kwa ishara ileile. Ukiweka kitufe kimoja cha kuwasha vyote, na boksi lilikuwa tayari linawaka, TV itawaka na boksi litazima. Kitufe cha kutafuta kwa kuongea nacho hakiwezi kuigwa kwa infraredi.

Wanaoipinga rimoti ya pamoja husema TV yenyewe inaweza kufanya kazi hiyo kupitia HDMI-CEC, na mara nyingi wana hoja. Amri husafiri ndani ya waya wa HDMI, kwenye pini namba 13, na rimoti ya TV inaendesha menyu za boksi. Kinachowapoteza watu ni jina: Samsung huita Anynet+, LG huita Simplink, Sony huita Bravia Sync. Iwashe kwenye TV na kwenye boksi pia. Ila waya wa bei chee usiounganisha pini hiyo utaonyesha picha safi bila kupitisha amri, na nyaya za AV, zile za njano, nyeupe na nyekundu, hazina CEC kabisa.

Kwa maoni yetu, nyumba yenye TV na king'amuzi inunue rimoti ya pamoja bila kusita. Mwenye kifaa cha Bluetooth aanzie upande wa pili: rimoti ya Fire TV Stick nyingi, na ya Chromecast hiyo, ina infraredi ya kuwashia TV na kupandishia sauti. Unachagua chapa ya TV kwenye mipangilio, basi.

Rimoti za asili usizitupe. Menyu za ndani za TV mara nyingi hazifikiki bila rimoti yake. Toa betri kabla ya kuzihifadhi, maana zikivuja kwenye joto na unyevunyevu huu wa pwani, vishikio vya betri huota kutu.