Mkristo akikaribishwa Freemason: tulichobishana jumuiyani Nyegezi

Jumamosi iliyopita asubuhi kwenye jumuiya yetu huku Nyegezi, tumeshasoma Injili, tumesali, watu wanaanza kukunja mikeka, kaka mmoja akabaki amekaa akasema jamani nina swali. Ana duka la vifaa vya ujenzi, na huwa anafunga duka ili aje jumuiyani. Akasema kuna mzee wa Dar anafanya naye biashara amemkaribisha Freemason, siyo kwa meseji, ni ana kwa ana na kwa heshima kabisa, na mzee mwenyewe ni Mkristo wa dhehebu lingine, kanisani kwake anaheshimika. Sa yeye anauliza tu, hivi ni dhambi?

Mama mmoja alijivuta kitenge akajifunika kichwa, mwenyekiti akasema tusali tena. Tulibishana mpaka saa nne.

Kwanza niseme kinachoniuma. Hapa Mwanza Freemason limekuwa jibu la kila utajiri. Shuka Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba, tajiri wa mitumbwi akinunua injini mpya msimu ambao wenzake wanarudi mikono mitupu basi washamaliza, kajiunga huyo, katoa mtu kafara. Nilishasimama pale penye magunia ya dagaa nikasikia mtu anasemwa hivyo, mdogo wake yuko hatua tatu anapakia mzigo kwenye fuso, anasikia kila neno, kashusha macho tu anaendelea kupakia. Huo ni ushahidi wa uongo juu ya jirani na ni amri ya nane, tunaivunja kila siku huku tukijiona tunapigana na shetani. Na hofu hiyohiyo ndo shamba la matapeli. Kijana wa bodaboda alinionyesha simu yake, keshatuma elfu 65 ya fomu ya kujiunga, sasa wanataka laki na ishirini eti ya kusafirisha mzigo wake wa pesa. Freemason wa kweli hawabandiki namba kwenye nguzo za umeme, mtu anapendekezwa na waliomo, na ada analipa yeye, halipwi.

Kiukweli chama chenyewe kina historia inayojulikana. Tarehe 24 Juni 1717 lodge nne za London, yaani matawi yao, ziliungana zikaunda Grand Lodge ya kwanza, chombo kikuu cha kuziongoza, na katiba yao ya 1723 iliandikwa na James Anderson, ambaye alikuwa mchungaji wa Kipresbiteri. Huku kwetu Sir Andy Chande, mfanyabiashara wa Tanzania aliyefariki 2017, alikuwa kiongozi wao na hakujificha, alieleza hadharani ni nini na siyo nini, na jengo lao Dar liko katikati ya mji. Siri iko kwenye alama za kutambuana na yale yanayofanyika mlango ukishafungwa.

Wanaotetea wana hoja, tusiwadharau. Wanasema siyo dini, hawana sakramenti wala hawaahidi wokovu, sharti ni umwamini Mungu, Biblia inafunguliwa pale mbele (na kama kuna Muislamu au Mhindu, kitabu chake pia), na ni mwiko kubishania dini au siasa ndani ya lodge. Geoffrey Fisher, Askofu Mkuu wa Canterbury aliyemvisha taji Malkia Elizabeth mwaka 1953, alikuwa Freemason. Wabaptisti wa kusini mwa Marekani walilichunguza jambo hili, na mwaka 1993 wakaona mengine yanapatana na imani mengine hapana, wakamwachia kila mtu na dhamiri yake. Ndo maana yule mzee wa Dar anaweza kukaa kiti cha mbele kanisani bila kusutwa na yeyote.

Kwetu Wakatoliki mlango ulishafungwa zamani. Papa Klementi wa 12 alikataza mwaka 1738, Leo wa 13 akarudia kwa ukali 1884. Ilipotoka sheria mpya ya Kanisa mwaka 1983 haikulitaja jina la Freemason, watu wakadhani imelegea, lakini Novemba mwaka huohuo Kardinali Ratzinger, aliyekuja kuwa Papa Benedikto, akatoa tamko kwamba anayejiunga yuko katika dhambi kubwa na asipokee Komunyo, na Novemba 2023 Roma ikarudia hilohilo kwa askofu mmoja wa Ufilipino aliyeuliza. Kwa hiyo kwa yule kaka jibu la kisheria ni fupi. Ila yeye akauliza, sawa, ni marufuku, lakini kwa nini? Na hapo wengi wetu tulikuwa hatuna kitu zaidi ya kafara.

Mtu mmoja akasema ni kwa sababu ni siri. Mi nadhani hoja hiyo peke yake haisimami. Nikodemo alimjia Yesu usiku, Wakristo wa kwanza walikuwa wanasali mafichoni, na Bwana mwenyewe anasema ukitoa sadaka mkono wa kushoto usijue. Halafu sisi huku Usukumani siyo wageni wa vyama vya siri. Babu yangu mzaa mama, kule Magu, alikuwa wa Bayeye, wale wa nyoka, ambao kuingia kuna ada na kuna kufundwa, na dawa haitajwi kwa asiye wao. Alipoingia mafundisho ya ubatizo katekista hakumwambia atupe mizizi yake, alimwambia aache kile kifungo cha kuficha na matambiko yake, basi. Babu akaendelea kutibu walioumwa na nyoka mpaka uzee wake, ila alikuwa anatupeleka sisi wajukuu porini anatuonyesha mti wenyewe, huu hapa, unachimba upande huu. Padre David Clement, mmisionari pale Bujora karibu na Mwanza, naye alienda njia hiyo, hakuzifukuza ngoma za Wasukuma, alizileta uwanjani wakati wa sikukuu ya Ekaristi zichezwe mchana watu wote wanaona, na chatu wao wakiwemo.

Kinachonisumbua mimi kwa Freemason ni kiapo. Anayeingia anafungwa kitambaa machoni, anawekewa kamba shingoni, anapiga goti na kuapa juu ya kitabu kitakatifu kwa kurudia maneno kipande kwa kipande anavyotamkiwa. Zamani kiapo hicho kilitaja adhabu za kukatwa koo, na Grand Lodge ya Uingereza iliamua kuziondoa kwenye kiapo mwaka 1986 baada ya kelele nyingi za Wakristo, nalo hilo tuliseme kwa haki. Wanakuhakikishia pia kabla hujaapa kwamba hakuna kitakachogongana na wajibu wako kwa Mungu. Lakini anayekuhakikishia ni mwenye nyumba, wewe macho yako yamefungwa. Linganisha na ubatizo, na ndoa, na upadre: maswali yanasomwa kwa sauti mbele ya watu, bibi harusi anayajua maneno wiki nzima kabla na anaweza kukataa pale pale altareni. Mambo ya Walawi sura ya 5 inamhesabia hatia mtu aliyeapa bila kufikiri kisha akaja kujua alichoapa.

Kijana mmoja msomi akanibana vizuri hapa, akasema siku hizi taratibu zao zote ziko kwenye vitabu na kwenye intaneti, unasoma kabla, sasa upofu uko wapi? Nimelifikiria sana hilo na nakubali limepunguza uzito wa hoja yangu. Ila basi tuulizane, kama yanajulikana yote, unaapa kwa Mungu kuficha nini? Ama unaficha jambo la kweli ambalo mkeo na padre wako hawaruhusiwi kulijua, ama huna unachoficha na umelitaja jina la Mungu bure.

Jambo la pili ni sala. Ndani wanasali, ila jina la Yesu halitajwi kwenye zile daraja tatu za msingi, yaani ngazi za uanachama, kwa makusudi, ili wa dini nyingine wasikwazike, Mungu anaitwa Msanifu Mkuu wa Ulimwengu. Mchana nakaa na Waislamu sokoni, tunazikana na kula pamoja, na sioni shida. Lakini kuingia mahali pa sala kwa sharti la kumwacha Kristo nje ya sala, halafu daraja la tatu unalazwa kama maiti ya Hiramu, fundi wa hekalu la Sulemani anayeuawa kwenye hadithi yao, na kuinuliwa, mimi niliyekwisha kuzikwa na kufufuka kwenye maji ya ubatizo, hapo kwangu haiwezekani. Muanglikana akisema yeye anaona ni igizo tu la maadili sitamwita mchawi, nitamwambia nadhani amekosea.

Sasa wakati tunadhani tumeshinda, yule kaka akasema taratibu, mwaka juzi duka langu lilipovunjwa nyie mlikuja mkasali rozari na nawashukuru, ila yule mzee alinipa mabati na saruji kwa mali kauli bila riba, ndo nikasimama tena. Hakuna aliyemjibu. Mwaka 1882 kule Connecticut, Marekani, Padre Michael McGivney aliona wanaume wake wanavutwa na vyama vya siri kwa kuwa vinatunza wajane na yatima, akaanzisha Knights of Columbus, udugu wenye mfuko halisi wa kusaidia familia. Sisi mfuko wetu wa jumuiya una elfu 84 na daftari limechanika jalada. Nimeshampigia mwenyekiti, Jumamosi hii zamu ni nyumbani kwa yule kaka, na ajenda ya kwanza baada ya Injili ni huo mfuko.