Fundi wa Kisogo

Mimi ni muuza saruji wa rejareja hapa Mikindani, Mtwara, na sijawahi kuomba kufundishwa kazi ya nywele, kwa sababu hata zangu mwenyewe zilianza kunihama kabla sijafikisha miaka arobaini. Hata hivyo, tangu mke wangu aliponunua pasi ya nywele ili aachane na gharama za saluni, amegundua jambo ambalo waliomuuzia walilinyamazia, yaani kwamba binadamu hana macho kisogoni. Kwa hiyo yeye hunyoosha mbele na pembeni mbele ya kioo, na kisogo ni mali yangu.

Jumamosi iliyopita tulialikwa harusi Shangani saa kumi jioni, na matayarisho yakaanza alfajiri. Nywele zilioshwa, zikakaushwa kwa mashine hadi zikakauka kabisa, nami nikauliza, kwa nia njema ya mtu anayetaka kurudi dukani, kwa nini tusizinyunyizie maji kidogo kama tunavyolinyunyizia shati kabla ya kulipiga pasi. Nilitazamwa kama mtu aliyependekeza nyumba ichomwe moto. Nikaelezwa kwamba shati halina shida, lakini maji yaliyobaki ndani ya unywele hukutana na pasi ya nyuzi zaidi ya 180, yakachemka humo humo, yakageuka mvuke na kuupasua unywele wenyewe. Nilinyamaza, maana hoja ilikuwa na uzito kuliko mfuko wa saruji.

Mama mkwe, ambaye kwake hakuna ugonjwa usioponywa na mafuta ya nazi, alikuja na kikombe kizima na kumpaka binti yake kichwani kabla sijapata nafasi ya kusema neno. Mafuta ya kukamua nyumbani huanza kutoa moshi kabla joto halijafika nyuzi 200. Nilipobana fungu la kwanza, chumba kilinukia vitumbua, na mtoto wetu mdogo akaja mbio na sahani. Ikabidi kichwa kioshwe upya, kikaushwe upya, kisha kipulizwe ile dawa ya kukinga joto ambayo ndiyo iliyotakiwa tangu mwanzo.

Ufundi wenyewe, nikiri, una adabu zake. Fungu la nywele lisizidi upana wa kidole, chanuo litangulie na pasi ilifuate nyuma, na mkono uteremke taratibu bila kusimama kutoka shina hadi ncha, mara moja tu, kwa sababu anayepitisha mara tano ananyoosha mara moja na kuunguza mara nne. Mimi nilisimama katikati ya safari kupokea simu ya mteja aliyetaka nondo, nisizouza, na pale niliposimama pakabaki mkunjo ulio wazi kama tuta la barabarani. Shemeji yangu, aliyekuja kusimamia bila kushika chochote, alisema amewahi kuona paa la makuti lililonyooka zaidi.

Pamoja na hayo, adui mkubwa si mkono wangu, bali hewa. Joto la pasi huvunja vile vifungo dhaifu vinavyoupa unywele umbo lake, navyo hujifunga upya katika hali ya kunyooka unapopoa, lakini unyevu ukiingia tu hufunguka tena na kila unywele hukumbuka kwao. Sasa mwezi huu wa Februari, katika mji ambao chumvi ndani ya kikopo hugeuka uji na taulo la juzi bado ni bichi, mtu anayenyoosha nywele hatua chache kutoka baharini anashindana na Bahari ya Hindi yote.

Saa tisa, zikiwa zimebaki sehemu nne kisogoni, umeme ukakatika. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982 hapa hapa mkoani kwetu, na tangu mwaka 2015 bomba linaipeleka gesi ya Mtwara hadi Dar es Salaam ikazalishe umeme, ambako naamini saa ile kuna kisogo cha mtu kilikuwa kikinyooka vizuri sana. Ukimtazama mke wangu kwa mbele, ungedhani ametoka saluni ya mjini. Ukimzunguka, ndio kwanza anatoka palizi.

Tulipopanda bajaji mvua ikaanza kutuandama. Hapo mke wangu akatoa kwenye pochi mfuko wa rambo, mmoja wa ile aliyoificha chini ya godoro tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwezi Juni mwaka 2019, akauvaa kichwani hadi kwenye nyusi, akaniamuru niushikilie kwa nyuma.

Dereva alitutazama kupitia kioo kwa muda mrefu. "Mama," akasema kwa upole, "huo mfuko si ulikatazwa na serikali?"

"Wewe endesha, mwanangu," akajibiwa. "Na hayo maturubai ya pembeni yashushe."