Kuficha si kusimba

Makala yako kuhusu kuficha ujumbe wa siri ndani ya faiba ya umma (nyuzi za kioo zinazobeba data kwa mwanga) ni nzuri, ila mwandishi uliposema ujumbe huo "hauwezi kunaswa na yeyote", hapo umetia chumvi. Wazo lenyewe si geni. Bernard Wu na Evgenii Narimanov wa Princeton walilichapisha mwaka 2006. Kila amplifaya (kifaa cha kuongeza nguvu ya mwanga) iliyo njiani huongeza mwanga wake usio na mpangilio, yaani kelele. Mapigo ya leza ya siri hutandazwa kwa muda mpaka yanakuwa hafifu kuliko kelele hiyo, na data ya watu wote inaendelea kupita bila habari. Mpokeaji anayejua kipimo cha mtandazo huukunja kinyume, pigo likachomoza. Asiyekijua ataambulia kelele tupu.

Leza inayobadilishwa urefu wa wimbi inasaidia, maana mdukuzi hajui achungulie wapi kati ya nanomita 1530 na 1565. Lakini mwanga ukizidi kidogo tu, kipima-spekta, kifaa kinachopima nguvu ya mwanga kwa kila urefu wa wimbi, kinaonyesha kelele imepanda. Ndiyo maana njia ya namna hii hubeba data kidogo. Na mdukuzi akishashuku, anaweza kurekodi yote akachambue taratibu, kwa hiyo haja ya kusimba, yaani kugeuza ujumbe usisomeke bila ufunguo, iko palepale.

Kuna jingine ambalo sisi wa faiba tunalijua vizuri: greda likikata mkongo barabarani, trafiki huhamishiwa njia nyingine. Urefu wa njia umebadilika, mtawanyiko (jinsi faiba yenyewe inavyotandaza mapigo) umebadilika, na hesabu za mpokeaji wa siri zimevurugika. Nani atampa taarifa, wakati mwenye mtandao hata hajui kama yupo? Hilo makala haijaligusa.