Nimepanda nyasi, ukoo mzima unasubiri chapati

Mimi naishi Columbus, Ohio, na kwenye grupu la familia siku hizi siitwi jina langu, naitwa Mkulima. Sasa ngoja nisimulie mwenyewe maana hiyo inayozunguka huko imeshatiwa chumvi mpaka haifai.

Tulihamia hii nyumba mbele kukiwa kipara kabisa, ikinyesha mvua matope mpaka sebuleni. Wenyeji wanakwambia huku mbegu za nyasi mwaga mwishoni mwa Agosti au Septemba, jua limepoa ila ardhi bado ina joto. Nikanunua mfuko wa Kentucky bluegrass, bei nikaigeuza shilingi kichwani nikatamani kuurudisha. Nikatifua, nikapiga reki, nikamwaga, kumbe kazi ndo inaanza! Mbegu ikishalowa haitakiwi kukauka tena, unairushia maji kidogo kidogo mara 2 mara 3 kwa siku, sio unafungulia mpira kwa nguvu mbegu zote zinahamia barabarani. Alfajiri niko nje na mpira, jioni niko nje na mpira, wife akaniuliza mimi utaanza kunimwagilia lini.

Jirani yangu mzee mmoja mstaafu, nyasi zake unaogopa hata kuzikanyaga, akaja akaangalia akasema ndege watakula zote hizo, funika na mabua ya ngano. Na hakuishia kusema, akaleta marobota mawili kwenye pikapu yake, bure, tukasambaza wote mpaka mbele ya nyumba pakawa kama banda la ng'ombe wa maziwa. Nilimbariki yule mzee mimi.

Haikuisha wiki natoka na chai yangu nakuta kijani! Na sio kijani cha kubabaisha, majani manene, yamesimama wima, yana afya kunishinda. Mfuko ulisema bluegrass inachukua wiki 2 mpaka 4 kuota, nikasema hao ni watu wasio na mkono. Nikapiga picha pembe zote nikatupia kwenye grupu. Makopakopa, vigelegele, shangazi kaandika Mungu ni mwema mwanangu, binamu anauliza mbegu nitatuma lini.

Mjomba kimya. Huyu mjomba kazeekea kwenye mashamba ya ngano ya NAFCO, lile shirika la serikali la kilimo, kule Hanang Tanzania, yale ya msaada wa Wakanada, na kwenye grupu haongei mpaka kuwe na msiba. Baada ya muda naona anaandika, anaacha, anaandika tena. "Mjomba, hebu piga karibu, pale jani linapoungana na shina." Nikapiga. "Unaviona hivyo vimasikio viwili vimekumbatia shina? Hiyo sio nyasi mjomba. Hiyo ni ngano."

Grupu lilikufa kwa kicheko, watu ambao hawajaandika tangu mwaka jana wote walifufuka.

Kumbe yale mabua yalibaki na punje, na mimi nazimwagilia asubuhi na jioni kwa upendo wote. Nikamfuata mzee jirani, akainama, akang'oa moja, akaigeuza geuza, akaniambia "si ni kijani lakini?" kisha akaingia kwake.

Usiku ikaingia voisi noti ya mjomba ndeeefu. Eka ngapi? Nikamwambia mjomba ni chumba na sebule tu. Akasema usikate! Ngano ya Ohio inapandwa hiyo hiyo Septemba na Oktoba, inalala na theluji, inavunwa Julai, ila ni ngano laini ya keki na biskuti, chapati yake haitavutika, uchanganye na nyingine. Haya yote anayajua na yuko Katesh, huko huko Hanang, hajawahi kupanda ndege! Nikamweleza huku majani yakiwa marefu manispaa inakuandikia barua, akasema waandikie na wewe, waambie ni chakula.

Nyasi zenyewe zilikuja kuchomoza baadaye sana, nyembamba kama nywele za mtoto mchanga, zimejificha chini ya ngano zinaogopa. Zilipopata urefu wa kukatwa nikapitisha mashine, blade nimeinua juu, nikarudia wiki zilizofuata mpaka ngano ikasalimu amri. Mjomba nilipomwambia, akajibu "pole" tu, ile ya msibani kabisa.

Nikadhani yameisha. Juzi kamati ya harusi ya binamu wamerusha orodha ya michango, wenzangu wamepangiwa hela, mimi jina langu mbele yake pameandikwa: unga wa ngano kilo 50 (atoe shambani kwake). Nikapiga simu kwa mwenyekiti kulalamika, na mwenyekiti ndo mjomba. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia, "Nilikwambia usikate."

Hela ya unga nimeshatuma.